Shajara ya Tangawizi: sikio au kichwa?

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Tangawizi, panya wangu jike wa kufugwa, ameamka kichwa kimelalia upande wa kushoto. Jana usiku alikuwa mzima kabisa, anapanda na kushuka ngazi za kizimba na kumnyang'anya Iliki, panya mwenzake, kipande chake cha brokoli. Leo akitembea anazunguka, kila mara kushoto, na akijaribu kupanda anaanguka ubavu.

Kwenye pembe ya jicho la kushoto kuna uchafu mwekundu kama damu iliyoganda. Si damu. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa majimaji yenye rangi iitwayo porfirini. Panya mwenye afya huyafuta kila anapojisafisha uso, lakini akiumwa au akiwa na maumivu huyaacha yanakauka pale pale. Nimeyapangusa kwa pamba na maji ya uvuguvugu, baada ya saa chache yamerudi.

Uzito wa asubuhi kwa mizani ya jikoni: gramu 284. Umri: miezi 22. Panya wa kufugwa huishi miaka miwili hadi mitatu, kwa hiyo huyu ni mtu mzima hasa.

Nimeondoa ghorofa zote za kizimba, kimebaki chini peke yake. Nimetandika kitambaa cha flisi badala ya karatasi iliyochanwa ili miguu ipate pa kushika, na nimeweka maji kwenye kibakuli kifupi kando ya chupa. Iliki nimemwacha humo humo. Panya ni wanyama wa kundi. Ukimtenga mgonjwa unamwongezea ugonjwa wa pili.

Daktari wa wanyama ametupa nafasi kesho. Hapa Leicester, Uingereza, kliniki nyingi ni za mbwa na paka, na ilibidi nipige simu huku na kule kabla ya kumpata anayewatibu panya kila wiki.

Jumanne, 5 Novemba

Daktari amemchunguza kwa utulivu mkubwa. Amemsikiliza kifua, amemulika masikio yote mawili, amemshika mabega na kumwinua kidogo aone miguu inafanya nini. Sikio la kushoto ni jekundu kidogo ndani ila halina usaha. Kifua kina mkwaruzo mdogo, jambo ambalo halimshangazi: karibu kila panya wa kufugwa amebeba bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis tangu utotoni, na wengi hukaa naye miaka bila kuumwa. Kingine alichonionyesha ni macho: yanacheza, yanateleza taratibu upande mmoja kisha yanarudi kwa ghafla.

Akasema kuna mambo matatu yanayoweza kuleta sura hii. La kwanza ni maambukizi ya sikio la kati na la ndani, ambayo mara nyingi huanzia kwenye njia ya hewa. La pili ni uvimbe kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, ambao huwapata sana panya majike waliozeeka. La tatu ni kiharusi. Kiharusi huja ghafla na mara nyingi hupungua chenyewe siku zinavyokwenda. Sikio hupona kwa dawa. Uvimbe wa pituitari hauponi, unacheleweshwa tu. Na siku ya kwanza yote matatu yanaweza kufanana: kichwa upande, kuzunguka, kuanguka.

"Tazama mikono," akaniambia. Panya mwenye ugonjwa wa sikio amepoteza mizani ya mwili, lakini vidole vyake bado vinashika. Mwenye uvimbe wa pituitari huanza kupoteza mikono yenyewe: inakakamaa, inanyooka mbele, chakula kinamponyoka.

Kliniki hakukubali kula chochote. Tulipofika nyumbani nimempa njegere moja. Ameidaka kwa mikono miwili, akaanguka ubavu, akaendelea kuila akiwa amelala, vidole vimeizunguka hajaiachia. Nimeandika hivyo hivyo: *alianguka, hakuiachia.*

Basi tunaanza na sikio. Antibayotiki mbili, doksisaiklini na enrofloksasini, asubuhi na jioni, pamoja na meloksikamu ya maumivu na uvimbe. Niliuliza kuhusu steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, kwa sababu nimesikia zinafanya kazi haraka. Alinieleza sababu mbili za kutoanza nazo. Kwanza, steroidi haipewi pamoja na meloksikamu, maana mbili hizo kwa pamoja huchimba vidonda tumboni. Pili, steroidi inapunguza uvimbe wa sikio na wa kichwani vilevile. Tangawizi angepata nafuu na sisi tusingejua nafuu hiyo imetoka wapi. Maadamu anakula, tunaweza kumudu kusubiri.

Jumatano, 6 Novemba

Kumpa dawa ni kazi ya watu wawili. Binti yangu anamfunga kwenye taulo, kimebaki kichwa tu. Mimi naingiza bomba dogo lisilo na sindano pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, tone baada ya tone. Huelekezi kooni moja kwa moja, dawa itashukia mapafuni. Na panya hawezi kutapika, mwili wake haukuumbwa hivyo, kwa hiyo kikienda pabaya hana namna ya kukirudisha.

Doksisaiklini ni chungu. Naichanganya na ndizi iliyopondwa. Maziwa na mtindi ni mwiko kwenye dawa hii: kalsiamu iliyomo huikamata tumboni isiingie mwilini.

Gramu 276.

Ijumaa, 8 Novemba

Gramu 267. Hajagusa punje kavu hata moja. Uji wa oti mwepesi amelamba kidogo akaacha. Ngozi ya mgongoni nikiivuta inakawia kurudi, yaani maji yamepungua mwilini. Nimepiga simu, wakasema mlete. Wamemchoma maji chini ya ngozi, kati ya mabega, akatoka na nundu ndogo ambayo jioni ilikuwa imekwisha kunywea. Daktari ameshauri tusibadilishe dawa kwa sasa. Ni mapema mno kusema hazifanyi kazi.

Nalala sebuleni karibu naye. Kila baada ya saa tatu uji, kwa bomba.

Jumapili, 10 Novemba

Gramu 265. Haijashuka kama nilivyohofu.

Nimempigia mama Morogoro. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza mbona sauti imechoka, nikamweleza. Nilitegemea aseme panya wanatiwa sumu, wewe unawatia dawa. Hakusema hivyo. Mama amekaa Morogoro karibu maisha yake yote, na panya wa pale Chuo Kikuu cha Sokoine anawajua: panya buku wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Akasema, "Mwanangu, wale wanatutafutia sisi ugonjwa. Leo anaumwa mwenzao, binadamu mnashindwa kumtafutia wake? Mtibu. Usimchoke."

Maneno hayo yamenikaa. Panya buku si jamii moja na huyu wangu. Wangu ni panya wa kahawia aliyefugwa vizazi na vizazi. Buku ni mkubwa zaidi, ana mifuko mashavuni, na huishi miaka mingi zaidi. Magawa, buku aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 akafanya kazi ya mabomu Kambodia, alipewa medali ya dhahabu hapa Uingereza mwaka 2020 na akafa Januari 2022 akiwa na miaka minane. Tangawizi hata akipona hatafika nusu ya hapo. Ndiyo maana wiki moja ya maisha yake naihesabu kuwa kitu kikubwa.

Jumanne, 12 Novemba

Macho yametulia. Nimemwangalia muda mrefu chini ya taa nijiridhishe: hayachezi tena. Gramu 270. Amekula yai la kuchemsha mwenyewe, kipande kwa mkono.

Ijumaa, 15 Novemba

Gramu 279. Haanguki akitembea pasipo na mteremko. Kichwa bado kimelala, ila anakwenda anakotaka. Usiku Iliki amempanda mgongoni amsafishe shingo, naye akamsukuma kwa teke. Kwangu mimi teke hilo ni dalili nzuri kuliko mizani.

Daktari anasema huenda kichwa kisinyooke tena, hata kama ni sikio na limepona, kwa sababu neva ikishaumia haijirudishi yote; panya huizoea dunia iliyoinama wakaishi vizuri. Dawa ziendelee wiki kadhaa, maana mfupa wa sikio haufikiwi na dawa kwa urahisi.

Njegere: mikono miwili, imara. Sote tunaegemea sikio sasa.

Jumapili, 24 Novemba

Hakuna jipya. Gramu 283. Nimerudisha ghorofa moja, ya chini, na rampu pana.

Alhamisi, 28 Novemba

Binti yangu ndiye aliyeona. "Mama, mbona anakula na sakafu?" Nikainama. Tangawizi alikuwa ameibana njegere dhidi ya flisi kwa pua na kiganja cha nje, anaiguguna pale pale. Nimempa nyingine mdomoni. Aliinua mikono, mikono ikapita pembeni ya njegere kana kwamba haipo, kisha ikabaki imenyooka mbele, vidole vimetanuka. Njegere ikaanguka. Akaitafuta, akarudia, ikaanguka tena. Mara ya tatu akaacha kuinua mikono.

Gramu 281, kwa hiyo anashiba. Mizani peke yake isingeniambia lolote. Kilichobadilika ni mikono.

Nimempiga video ya dakika moja na kuituma kliniki usiku huu huu.

Ijumaa, 29 Novemba

Daktari ameitazama video zaidi ya mara moja kabla hajasema neno. Mikono ya namna hii, kwa jike wa umri huu, inamfikirisha pituitari. Lakini macho yaliyotulia baada ya wiki moja ya antibayotiki yanamfikirisha sikio. Inawezekana kabisa panya akawa na vyote viwili. Inawezekana pia nafuu ya mwanzo ilikuwa kiharusi kilichojipunguza chenyewe, na antibayotiki zikapewa sifa zisizo zao.

Tumezungumza kuhusu vipimo. Eksirei ingeweza kuonyesha mfupa wa sikio kama umejaa au umenenepa, lakini sikio lingeonekana safi bado tusingeweza kuliondolea shaka lote. Uvimbe wa pituitari unaonekana kwa MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili. Hapo atapigwa nusukaputi, kwa panya mwenye kifua chenye mkwaruzo, na ni gharama ya kumtikisa mtu yeyote. Nikamuuliza swali ninaloona ndilo kiini cha yote: majibu yakitoka, dawa zitabadilika? Akafikiri, akasema hapana. Upasuaji wa tezi hiyo haufanyiki kwa panya katika kliniki kama yake. Ikiwa ni uvimbe atampa dawa zile zile anazotaka kumpa leo; ikiwa ni sikio ataendelea na antibayotiki ambazo tayari anazo.

Kwa hiyo hatupigi MRI. Sijafikia hapo kwa sababu ya pesa pekee. Kipimo ambacho hakibadilishi tiba kinabaki kuwa jibu la moyo wangu mimi, na anayelala chini ya dawa ya usingizi ni yeye. Sioni haki hapo.

Mpango: meloksikamu inaacha leo. Tunapisha siku chache itoke mwilini, kisha deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Akiitikia, tunaongeza kabergolini, dawa inayotumika hata kwa watu wenye uvimbe wa pituitari wa aina inayotoa homoni ya prolaktini. Inaibana tezi isitoe homoni hiyo, na uvimbe wenyewe unaweza kusinyaa. Kwa panya hupewa kila baada ya saa 72. Antibayotiki hazikatwi, hasa sasa, kwa kuwa steroidi hupunguza kinga na Mycoplasma anasubiri nafasi kama hiyo.

Nimemwomba tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja kila inapowezekana. Amekubali, ila ameniambia wazi kwamba akizidiwa hatutasubiri usafi wa kumbukumbu. Ni sawa.

Jumatatu, 2 Desemba

Deksamethasoni ya kwanza, asubuhi. Gramu 274. Kabla ya dawa: njegere haishikiki, anajisafisha upande mmoja tu wa uso, shavu la kushoto lina porfirini iliyokauka.

Jumatano, 4 Desemba

Leo nilikuwa jikoni naosha vyombo nikasikia, "Mama! Ameshika!" Nimekimbia na mikono ina povu. Tangawizi alikuwa amekaa kitako, mgongo umepinda, ameshika njegere. Mkono wa kulia ulikuwa umeifumbata vizuri. Wa kushoto ulikuwa umeegeshwa tu, vidole viwili vimegusa, vingine vimesimama. Aliichuna ganda, akalitupa, akala kiini. Tulisimama pale mpaka akamaliza na kuanza kujifuta masharubu.

Nimefurahi na nimeandika pia daktari alichosema kwenye simu: hili halituambii ni nini. Steroidi imepunguza uvimbe mahali fulani, na mahali hapo panaweza kuwa popote kati ya viwili.

Jumatatu, 9 Desemba

Kabergolini ya kwanza, saa mbili usiku. Nimechora kalenda ukutani. Siku za dawa hii zina alama ya kijani, maana ratiba ya kila siku ya tatu inapotea kichwani upesi. Gramu 280.

Jumamosi, 14 Desemba

Deksamethasoni inaanza kupunguzwa pole pole. Haikatwi ghafla, mwili unakuwa umeizoea. Hiki ndicho kipindi ninachokiangalia kwa jicho kali kuliko vyote: mikono ikilegea tena steroidi inapopungua, basi kabergolini haijashika, ikibaki, kuna kinachoibana tezi.

Anakojoa na kunywa maji zaidi ya kawaida. Tulionywa, ni steroidi. Flisi nabadilisha asubuhi na jioni, kwa sababu harufu ya mkojo, ile amonia, inachoma njia ya hewa na kifua chake hakihitaji adui mwingine.

Jumapili, 22 Desemba

Deksamethasoni iko chini ya nusu ya ilipoanzia. Mkono wa kulia imara. Wa kushoto dhaifu, si mbaya kuliko juzi. Gramu 286.

Nilimuuliza daktari kama sasa anaweza kusema ni pituitari. Akasema akilazimishwa kuchagua angechagua hiyo, lakini hawezi kuapa. Nimemheshimu zaidi kwa jibu hilo. Angeweza kunipa jina la ugonjwa nikaenda nalo nyumbani nimetulia, na antibayotiki tukaziacha mapema.

Jumatano, 1 Januari 2025

Leo tumefanya jambo ambalo nilikuwa naliahirisha. Mimi na binti yangu tumeketi tukaandika ni lini tutasema inatosha, tukamsomea daktari kwa simu ili aturekebishe. Tumeandika sasa, Tangawizi akiwa mzima kiasi, kwa sababu siku ya kuzidiwa mtu hafikiri, anang'ang'ania.

Tumekubaliana hivi. Akikataa yai na njegere siku nzima, na uji wa bomba akiutema. Akishindwa kujisafisha hata kwa kusaidiwa na Iliki. Akipumua kwa kutumia tumbo na mdomo wazi, hapo hatusubiri hata asubuhi, maana panya huvuta hewa kwa pua na akifungua mdomo ujue ameishiwa njia. Akiacha kuja mlangoni tunapofungua kizimba. Gramu 240 ni mpaka wa kupiga simu siku hiyo hiyo, hata kama mengine yote yanaonekana mazuri.

Binti yangu aliuliza kama kuandika hivyo ni kumkatia tamaa. Nimemwambia ni kumwahidi. Alifikiri kidogo, kisha akaongeza mstari wake mwenyewe chini: *Iliki aachwe amuage.* Nimemwambia daktari, naye amesema ndivyo inavyofaa. Panya aliyebaki akiuona na kuunusa mwili wa mwenzake huacha kumtafuta kizimba kizima.

Karatasi imekunjwa, ipo kwenye droo ya dawa.

Ijumaa, 10 Januari

Gramu 288, uzito mkubwa kuliko siku ya kwanza. Kichwa kimelala kushoto kama kawaida. Mkono wa kulia unashika, wa kushoto unaegesha. Macho yametulia, porfirini kidogo asubuhi tu. Anapanda rampu, anashuka kwa kinyumenyume kwa sababu akielekeza kichwa chini anapoteza mizani; amejifundisha mwenyewe.

Deksamethasoni imekwisha kabisa tangu Jumatatu. Leo tumekata na antibayotiki, kwa makusudi. Kama sikio ndilo lililokuwa tatizo na bado lina kitu ndani, daktari anategemea macho yatacheza tena au kichwa kitazidi kulala ndani ya wiki mbili, na dawa zipo kwenye droo tayari kuanza upya. Yakibaki yalivyo, tutaendelea kumtibu kama mwenye uvimbe wa pituitari, bila kuwa tumeuona.

Nitakachoandika kila siku kuanzia kesho: macho, uzito, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na pumzi akiwa amelala. Kabergolini inayofuata ni kesho Jumamosi, saa mbili usiku, na chupa ina dozi mbili zilizobaki, kwa hiyo Jumatatu asubuhi napiga simu kliniki kuagiza nyingine.